Mtoto Hana Mgongo

Rafiki yangu, mimi si mtu wa hasira. Au tuseme nilikuwa najidhania hivyo, mpaka Jumamosi moja kule Njoro niliposimama mbele ya vigari vya watoto na nikapandwa na hasira kwa ajili ya kitu chenye magurudumu manne. Naandika polepole maana sina uhakika kama nina haki ya kukasirika. Nitakueleza yote, hata yale yanayoniangusha, uamue mwenyewe.

Tulikuwa watatu. Binamu yangu, mtoto wa shangazi. Mke wake, ambaye kwangu ni wifi, mimba yake ya kwanza imeshafika pale ambapo mtu haketi kwenye kiti bila kufikiria atainukaje. Na mimi, niliyeitwa kwa kuwa nimelea. Duka lenyewe ni la mitumba, vigari vimepangwa nje barazani, na kijana muuzaji alikuwa anavikunja na kuvikunjua kama mtu anayecheza na mwavuli.

"Hiki hata kwenye mawe kinapita, mama," aliniambia. "Tairi za upepo hizi. Mtoto analala mpaka mnamsahau."

"Na kwenye mlima?" wifi aliuliza.

"Kupanda unasukuma tu, dada. Kushuka ndiyo ushike breki."

"Nikisahau breki?" akauliza binamu.

"Basi mtoto anatangulia nyumbani, kaka. Utamkuta."

Wifi alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa ameshakichagua moyoni, cha bluu, chenye kipaa cha kuzuia jua, na sababu yake ilikuwa ya akili. Likizo ya uzazi ikiisha anarudi kazini. Jirani yao, mama mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa, amekubali kukaa na mtoto mchana, ila kiuno chake hakibebi tena. Kusukuma anaweza. Kwa hiyo kikiwepo kigari, mlezi yupo.

Binamu akakisukuma kidogo kwa kidole, kama mtu anayepima parachichi. "Mimi sioni haja," alisema. "Mtoto wa Kichagga ni wa mgongoni. Mimi mama alinibeba mgongoni mpaka nikatembea. Anapanda, anashuka, mimi nipo pale nasikia moyo wake unavyodunda. Ndiyo maana nimekuwa mtu." Halafu akasema, kama jambo dogo, "Na mama ameshaongea na ndugu zetu wanaoishi kule Mkuu. Kuna kabinti huko, kako darasa la tatu, kana nguvu. Katakuja kukaa na mtoto, katasoma hapa hapa."

Wifi akanitazama. Mimi nilikuwa naangalia tairi. Katasoma hapa hapa. Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, yakiwa na tofauti ndogo tu: utasoma huko huko.

Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nalelewa na bibi, mzaa baba, kwenye kihamba cha juu kabisa, shamba letu la migomba, ambako asubuhi huoni mgomba wa pili kwa ukungu. Sitaki kukudanganya, palikuwa pazuri. Ukiamka unasikia maji ya mfereji yakipita nyuma ya jiko, unasikia ng'ombe akijikuna kwenye nguzo, na bibi ameshaanza kumenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe na kufagia uani, na nikimaliza nilipewa kiburu cha ndizi kilichobaki jana, kimeshikana vizuri na maharage, napasuapasua kwa mkono huku nakimbilia shule.

Shangazi alikuwa ameolewa chini kidogo ya kwetu, juu ya soko la Kwa Sadala. Alijifungua mtoto wa kiume. Mume wake alikuwa anapandisha wageni mlimani, akirudi analala, akiamka anapanda tena. Shangazi alikuwa mchuuzi wa ndizi, na mtu hawezi kuwa na mkungu kichwani, mwingine mkononi, na mtoto mgongoni. Hilo namkubalia. Nimelipima mara nyingi na kila mara namkubalia. Basi bibi akafunga nguo zangu kwenye kanga, akaniambia, "Nenda ukamshikie shangazi yako mtoto. Utasoma huko huko."

Huyo mtoto ndiye binamu yangu.

Nilifungiwa mtoto mgongoni kwa kitenge, kifundo juu ya kifua, kingine tumboni. Alikuwa mnene, tena mnene kweli, mtoto wa maziwa na mtori wa ndizi. Miguu yake ilinifika mapajani. Wiki za kwanza nilitembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Siku bibi alipokuja kututembelea nikamwambia mgongo unaniuma, na bibi akacheka, wala si kwa ubaya, wazee wote kwetu walisema hivyo. "Mtoto hana mgongo," alisema. "Mgongo ni wa watu wazima." Shangazi akacheka, jirani akacheka, na mimi nikacheka kwa kuwa nilidhani nimekosea kuhusu mwili wangu mwenyewe.

Shule niliandikishwa, ndiyo. Lakini siku za soko nilibaki na mtoto, na siku ambazo si za soko shangazi alikuwa shambani akikata ndizi za kupeleka sokoni. Nikifika darasani mara mojamoja, mwalimu alikuwa akisema, "Simameni, tuna mgeni." Darasa zima linasimama. Walimu wa siku hizi sijui kama wangefanya hivyo.

Nikaona bora dirisha. Dirisha la darasa letu halikuwa na kioo, ni mbao mbili zilizofunguliwa kwa nje, na chini yake palikuwa na jiwe. Nilikuwa napanda jiwe lile na mtoto mgongoni, nabembea taratibu kushoto na kulia asiamke, nasikiliza. Mwalimu aliniona. Hakunifukuza, namshukuru. Masharti yake yalikuwa kwamba mtoto akilia niondoke. Na mtoto alilia, rafiki yangu. Alilia katikati ya kila kitu. Mpaka leo najua mwanzo wa mambo mengi. Najua mto unaanzia wapi, sijui unamwagikia wapi. Jedwali la saba la kuzidisha nalijua mpaka katikati.

Kuna siku mwalimu alisoma hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa. Amebeba mtungi wa pombe kichwani, amejipaka mafuta, anapita njiani anasalimia watu kwa adabu wala hawamtambui. Akafika kwa wakwe. Akatua mtungi. Akapiga hodi, na kutoka ndani sauti ikamwambia... Hapo mtoto akaamka. Nilimtikisa, nikampa kidole anyonye, nikamziba mdomo kidogo kwa kitenge. Mwalimu akanyamaza, akanitazama, akanyoosha mkono kuelekea njiani. Nikashuka kwenye jiwe. Nilipofika kwenye migomba nilisikia darasa zima linacheka kicheko kimoja kikubwa.

Sasa niwe wa haki. Shangazi hakunitesa. Nyama ya kwenye mtori alinigawia sawa na mume wake. Alininunulia sweta jekundu, jipya, si la mtumba. Alinichapa mara moja tu, na kwa nilichofanya siku hiyo hata mimi ningejichapa. Na yule mtoto nilimpenda. Kichwa chake kilinuka maziwa na mafuta ya mgando. Akinikojolea, ule uvuguvugu ulishuka mgongoni mpaka kiunoni, kisha upepo wa mlimani unapiga na unakuwa baridi kama chuma, na yeye anacheka. Hatua yake ya kwanza alitembea kuja kwangu. Nilirudishwa kwa bibi mtoto alipokua, nikiwa mrefu kuliko darasa zima, nikasogezwasogezwa mpaka la saba, nikaishia hapo. Siwezi kusema ningekuwa nani kama nisingebeba mtoto. Labda ningeishia hapo hapo. Sijui. Ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba siwezi kujua.

Turudi pale dukani. Nilimwambia kijana amwekee wifi kile cha bluu hadi Jumatatu.

Kesho yake, baada ya ibada, tulipanda kwa shangazi. Amezeeka, lakini mtori wake haujazeeka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Kumbe huko mjini wanakula."

Tulikula vizuri. Kisha binamu akaanza, kwa kicheko, mkono begani kwa mama yake. "Mama, hawa wanawake wanataka kumweka mjukuu wako kwenye toroli."

"Toroli ni la mbolea," akasema shangazi.

"Waambie. Waambie ulivyokuwa unanibeba."

Shangazi akatazama ndani ya kikombe chake. "Ulikuwa mzito," alisema.

Naomba ulitazame jibu hilo kama nilivyolitazama mimi. Hakusema alimbeba. Alisema alikuwa mzito. Shangazi yangu si mwongo, na pale pale nikaona kwamba siku zote alijua.

"Shangazi," nikasema, "mwambie mgongo ulikuwa wa nani."

"Wa nani tena?" akauliza binamu, bado anatabasamu.

"Wangu. Siku za soko na siku zisizo za soko. Ule moyo uliousikia ni wangu, mdogo wangu. Ulikuwa unadunda mbio kwa sababu shule ilikuwa imeshaanza."

Wifi aliweka kijiko chini. Binamu akamgeukia mama yake, akanigeukia mimi. "Dada, mbona hujawahi kusema?"

"Kila Krismasi unasimama hapa unasimulia mgongo wa mama, watu wanakupigia makofi. Mimi huwa nipo jikoni naosha vyombo. Ulitaka nitoke na sufuria nikuambie?"

"Ningefanyaje?" Shangazi alikuwa amepandisha sauti. "Baba yake yuko mlimani, mimi nina mikungu kichwani. Nilikulisha."

"Ulinilisha, shangazi."

"Nilikununulia sweta."

"Ulininunulia. Jekundu. Nililipenda."

"Basi unataka nini?"

"Nataka yule binti wa Mkuu asikie hadithi mpaka mwisho."

Hawakunielewa, na sikueleza. Niliogopa nikieleza nitalia, na hasira ikishalia watu huichukua kama huzuni, wanakupa maji ya kunywa na mambo yanaendelea kama kawaida.

Shangazi aliinuka, akatoka nje. Tulidhani amesusa. Akarudi na jani la sale, lile linaloota mipakani mwa vihamba, akaliweka mapajani kwangu. Kwetu ukiletewa sale umeombwa msamaha, na msamaha wa sale haukataliwi. Nililishika. Na nikuambie ukweli hata kama ni dhambi, nililikasirikia lile jani pia. Miaka yote ile kukaa kimya, halafu jani moja, na zamu ya kunyamaza ni yangu tena. Lakini alikuwa ameinamia meza, anakusanya vyombo kwa mikono ileile iliyonigawia nyama. Nikalipokea.

"Mtoto wa watu akae na darasa lake," akasema. "Nitawapigia Mkuu. Nunueni hilo toroli lenu."

Binamu alitangulia njia nzima ya kushuka. Tulipofika chini akasema, akitazama mbele, "Nilikuwa mzito kweli?"

"Sana," nikamwambia.

Jumatatu tulikichukua. Wifi alikuwa amechoka, binamu ameshika mfuko wa vitu vingine, basi nikakisukuma mimi mpaka kwao, kitupu. Kilikuwa chepesi, kinateleza kwa kidole. Nilipaswa kufurahi. Badala yake, katikati ya njia, nikahisi baridi mgongoni, pale pale palipokuwa panalowa, na nikagundua nautamani ule uvuguvugu. Hilo halisamehewi na jani lolote. Walichukua shule yangu wakanipa kitu ambacho mpaka leo nakipenda, na sijui nimdai nani.

Bibi hayupo tena. Mfereji nyuma ya jiko lake umekauka, watoto wanatupa chupa humo. Ile shule imejengwa upya kwa tofali, madirisha yana vioo na nondo, na jiwe langu sijui limeingia kwenye msingi gani. Simkumbuki mtoto mwingine aliyesimama pale. Labda walikuwepo, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Yule binti wa Mkuu simjui, hata sura sijaiona. Yeye hajui kwamba kuna jambo lilitaka kumpata likapita pembeni, na sitamwambia. Ila nikipata nauli nitakwenda siku moja kuwasalimu ndugu. Nitamkuta ametoka shule, nitamwuliza kama kwao wanasoma hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa na mtungi kichwani. Na kama ameisikia, nitamwomba aniambie, ile sauti ya ndani ilisema nini.