Bunduki ya Koko na Kitanda Changu

Nilipokuwa la troisième secondaire, mwaka wa tatu wa sekondari, nilikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakuna mutu mwingine alikilalia: kitanda. Kilikuwa katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Bagira, chembamba kama benchi ya kanisa, lakini changu. Ndipo barua ikatoka kijijini, Kalehe. Nyani walikuwa wanamaliza mahindi ya koko, ndiyo babu yangu muzaa maman, na bunduki yake haikuwa na masasi, hata risasi moja. Maman alisoma barua, akaikunja, akasema bila kuinua macho:

"Kama masasi haipatikane mbele ya mahindi kukomaa, koko atakuja kukaa hapa. Utalala naye kitanda kimoja."

Nilimupenda koko. Nilimupenda sana akiwa Kalehe. Mutu anayekoroma kama kamyo inayopanda mulima, kisha saa kumi ya alfajiri anaamuka kusali kwa sauti, akimutajia Mungu ukoo mzima mutu kwa mutu na makosa ya kila mumoja, huyo anapendwa vizuri zaidi kwa mbali. Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kujitolea kutafuta masasi. Maman aliniwekea mukono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Bunduki yenyewe iliachwa na muzungu mumoja wa shamba la kinini, miti ya dawa ya malaria, ambaye koko alikuwa mulinzi wake. Wakati wa uhuru muzungu aliondoka mbio mpaka akaacha supu mezani. Koko akabaki na bunduki, karatasi ya ruhusa na sanduku la masasi. Maelezo hakuna. Tangu nizaliwe nilimusikia koko akilalamika kwamba bunduki ile ina tumbo. "Napiga moja, inapotea mbili," alikuwa anasema, na sisi wote tulikuwa tunaitika ndiyo, koko, kama vile mutu anaitika muzee anayelaumu mvua.

Tonton, kaka ya maman, karani mwenye suti mbili za abakosti na sauti ya mawaziri sita, aliileta bunduki mjini ikiwa imefungwa ndani ya mukeka. Kwanza, ili turuhusiwe kununua masasi, ilibidi ofisi ikubali kwamba koko ni koko. Karatasi ilikuwa na jina lake la ubatizo, na majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyafuta.

"Mutu wa karatasi hii haiko tena," alisema yule wa ofisi.

"Iko, citoyen," tonton akasema, yaani mwananchi, namna serikali ilivyotaka tuitane. "Iko Kalehe, anagombana na nyani."

"Kwa jina gani?"

Asubuhi mbili zilipotea hapo, tonton akieleza kwamba baba yake ni baba yake. Tulipotoka na muhuri mupya, mahindi ya Kalehe yalikuwa yameanza kutoa ndevu.

Halafu tukaanza kutafuta. Mufanyabiashara mumoja aliyeshuka kutoka Kamituga alitutolea masasi ya wawindaji, manene kama kidole gumba changu. Tundu la bunduki ya koko lilikuwa jembamba kama kalamu.

"Haiwezi kuingia," tonton alisema.

"Lazimisha. Kila kitu kinaingia mutu akitaka."

"Basi lazimisha weye. Sisi tutaangalia tukiwa ng'ambo ya ziwa."

Askari mumoja tuliyemujua alituonyesha risasi ya jeshi, imelala ndani ya kiganja chake kama pipi. Unene ulikuwa sawa kabisa. Moyo wangu ulikwisha kuruka mpaka kitandani. Lakini tulipoipima na ganda moja la risasi ya zamani tulilokuwa nalo, ilikuwa fupi kwa upana wa kidole.

"Inafanana," askari alisema.

"Hata weye unafanana na kanali," tonton akamujibu, na tukatembea haraka kidogo mpaka kona.

Miye nami nilijaribu njia ya elimu. Nilimuuliza mwalimu wa fizikia, mbele ya darasa zima, risasi inajua namna gani urefu wake. Alichora muzinga ubaoni, akatupatia kazi ya nyumbani ya maswali manane. Darasa zima liliniangalia wiki nzima kama vile miye ndiye nyani.

Wiki tatu zilikwisha hivyo. Maman alianza kunipimia kitanda kwa macho. Alinunua mto wa pili.

Mwishowe mutu akatuambia kuna muzee hapo hapo Bagira, hatua mia mbili kutoka kwetu, anatengeneza mashini za kushona, na zamani za Wabelgiji alikuwa fundi wa silaha katika jeshi. Hatua mia mbili. Tulikuwa tumezunguka mji wote na mukeka kama watu wanaouza maiti.

Muzee alilaza bunduki kati ya mashini mbili, akainusa, akafungua, akafunga. Hakuuliza habari ya masasi. Aliuliza: "Nani anaipiga?"

"Papa yangu," tonton alisema.

"Akisha piga moja, anafanya nini?"

Nilikuwa nimemuona koko mara nyingi, na kumuiga koko ndiyo kazi yangu. Nikasimama, nikapiga kwa mudomo, nikakamata kile chuma cha pembeni, nikakivuta nyuma, nikakirudisha mbele, nikapiga tena.

Muzee aliweka bisibisi chini. "Kila mara anavuta?"

"Kila mara."

Akafunga macho kama mutu aliyeumwa jino. "Hii haiko ile ya kuvuta. Hii unavuta mara moja tu, ya kwanza. Ukipiga, moshi wa risasi unasukuma chuma nyuma, ganda inaruka, risasi ingine inaingia yenyewe. Weye kazi yako ni kidole. Ukivuta na mukono, unatupa risasi nzima."

Tonton alikaa juu ya gunia la vitambaa. "Kwa hiyo miaka yote ile..."

"Miaka yote ile alikuwa anapanda masasi ndani ya mahindi. Na za urefu huu, mujini hapa hamutapata. Muende kuuliza shamba."

Tukaenda Kalehe. Koko alisikiliza maelezo yote, kisha akakataa kwamba kosa ni lake. Bunduki yake ya kwanza ya ulinzi ilikuwa ya kuvuta, na mutu akisha jua kula kwa mukono wa kuume haumufundishi tena wa kushoto.

"Niliziona zinaanguka," alisema. "Nilizani ni maganda."

"Papa, ganda iko na tundu. Risasi iko na ncha."

"Nyani iko mbele yangu, weye unataka niangalie chini?"

Tulichimba katikati ya mistari ya mahindi tangu asubuhi. Tulipata risasi moja, ya kijani kama avoka, na kijiko. Koko mwanamuke, yaani muke wake, alikuwa mulangoni mwa jiko akipukuchua maharagi, akituangalia kama mutu anayeangalia kuku. Jua lilipokuwa kichwani akauliza tunatafuta nini.

"Masasi," nilisema.

"Za huyu?"

Akaingia ndani. Akarudi na kopo la maziwa ya unga, amelibeba juu ya jani la mugomba, mikono yake haikuligusa. Lilikuwa limejaa masasi mpaka juu.

Kwetu mwanamuke hagusi silaha ya mume wake, wala haizungumzii, eti mume atakosa kila atakachopiga. Kwa hiyo alizikusanya kwa jani, moja moja, nyuma ya mugongo wa mume wake, miaka yote, kwa sababu watoto na mbuzi wanapita pale.

"Koko, kwa nini haukusema?" nilimuuliza.

"Nimufundishe mwanaume bunduki yake? Akikosa nyani mungesema ni miye nimeroga. Na hakuna aliyeniuliza."

Asubuhi yake nyani walikuja, wametulia kama wenye shamba. Koko alijaza, akavuta ile mara ya kwanza, akapiga. Nyani waliruka mitini. Na mbele ya sauti kurudi kutoka ziwani, mukono wake ulikwisha kuvuta chuma. Risasi nzima ikaruka. Tuliiangalia wote ikianguka.

"Papa."

"Najua."

Akapiga. Mukono ukavuta.

"Papa, mukono."

"Miye najua. Mukono ndio haujue."

Koko mwanamuke akapita katikati yetu na jani lake, akainama, akaokota mbili zile, akamunyooshea mbele ya watu wote. Koko aliliangalia jani. Kisha akazichukua.

"Muache avute," koko mwanamuke alimuambia tonton. "Miye niko nyuma."

Koko alibaki Kalehe. Mahindi yakakomaa, nyani wakahamia kwa jirani, na miye nikalala kwa upana, mikono na miguu kila moja na pembe yake, na mto wa pili juu. Halafu kamyo ikasimama mbele ya nyumba na zawadi ya koko kwa kuwashukuru watafutaji: magunia matatu ya mahindi. Nyumba yetu haina stoo. Maman aliangalia kushoto, akaangalia kuume, kisha akaangalia chumba cha nyuma.

Magunia yakapanda kitandani, miye nikalala chini mpaka Pasaka. Angalau mahindi haisali.