Msingaji wa Malindi

Nilipotea mara mbili katika vichochoro vya Malindi, Unguja, kabla harufu ya liwa, ule mti wa manukato, haijanionyesha mlango wa nyumba ya harusi. Ndani, msingaji alikuwa akimsinga Bi Muzdalifa, mama wa bibi harusi, akipandisha viganja vyenye singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia ngozi, polepole kutoka kifuani hadi tayani. Kila vilipofika chini ya masikio alitua, akabonyeza kidogo, ndipo akaanza upya. Shingo ya msingaji mwenyewe ilikuwa imelegea, wala hakuifunika.

“Somo, singo hii itakaza shingo?” aliuliza Bi Muzdalifa. Harusi ilikuwa Jumapili, na siku moja kabla yake alikuwa na miadi Dar ya kuchomwa sindano za kukaza shingo.

“Haikazi. Inalainisha tu.”

“Mbona wenzio wanasema inakaza?”

“Basi wakusinge wao.” Mikono haikusimama. “Sindano nenda, mwanangu, lakini harusi ipite kwanza. Ukivimba, kwenye picha tutamtafuta mama hatumwoni.”

Bi Muzdalifa alicheka hadi singo iliyomkauka mashavuni ikapasuka. Mimi nimekandwa uso Istanbul na Bangkok, na kote niliahidiwa ujana. Msingaji huyu alinawa, akajitanda kanga, akachukua bakuli lake kwenda kumsinga mwari mmoja Kikwajuni. Nikabaki mkekani, na Bi Muzdalifa akaomba apewe simu.

“Daktari, zile sindano, nnaomba tuzisogeze hadi baada ya harusi.”