Zamu ya Kumlisha Mwalimu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya miaka ya hamsini ambayo haijanitoka mpaka leo. Tulikuwa darasani Bwejuu, katika banda la makuti walilojenga wazee wetu wenyewe. Serikali haikutuletea mwalimu, basi wazee wakamtafuta kijana wa Ng'ambo, kule mjini, Mwalimu Khamis. Fedha za mshahara hazikuwepo. Wakapatana kwamba atalishwa kwa zamu, kila siku nyumba moja. Sisi watoto tuliijua zamu hiyo kuliko hesabu.

Siku hiyo zamu ilikuwa yetu. Mimi nilikuwa na haya, sijapata kumchekesha mtu. Mwalimu akaniuliza hesabu, nikakwama. Akachukua bakora. Sijui ulimi niliupata wapi.

"Mwalimu, leo unakula kwetu. Ukinipiga utalala na njaa."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Na kesho kwetu!"

Mwalimu akaiweka bakora mezani. "Kaa kitako, Haji," akasema taratibu, akamaliza somo.

Mchana mama alimwekea wali na samaki, akafunika kawa. Hakuja.

"We Haji, umemwambia nini mwalimu?"

"Sijamwambia kitu, mama."

Kesho yake alipanda gari kurudi mjini. Tukasikia anabeba magunia ya karafuu bandarini, lakini anakula kwake. Wazee wakasema ana kiburi. Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Mwalimu wa pili alishuka garini, akauliza, "Nitakula wapi?" Alipojibiwa, hakushusha hata mzigo wake, akarudi na gari lile lile. Wa tatu hakuja kabisa. Banda likafungiwa mbuzi.

Mdogo wangu Mwanaharusi alikuwa ameshajua herufi nne. Ya tano hakuijua maisha yake yote. Utu uzimani alitia dole gumba kwenye karatasi aliyosomewa uongo, kumbe anauza shamba la marehemu baba. Nami nisingeweza kumsomea vizuri. Haya yenyewe nayaandika polepole, maana niliishia pale pale.

Sikukatazi kumkaribisha mwalimu chakula, mwanangu. Mkaribishe. Ila riziki yake isiwe mikononi mwa mwanafunzi wake. Mkitaka akae, mpeni mshahara wake kamili, apike kwake, ale anachotaka, asimwogope mtoto wa mtu. Na ukikosea, sema siku ile ile, kabla gari halijaondoka. Mimi sikusema.

Mungu akupe mwalimu atakayekaa mpaka umalize, na akupe uso wa kumtazama.