Milango ya Mahema, Nyarugusu

Kufikia mwaka 2015 nilikuwa nimechora mji mmoja ambao haukujengwa. Kakonko ilipofanywa wilaya, nililetwa kutoka Singida kupanga barabara, soko na viwanja vya ofisi. Watu wakajenga walipopenda. Mimi nikabaki katika chumba nilichopangisha, nikisubiri uhamisho. Hata pazia sikununua.

Warundi walipoanza kuingia kwa wingi, niliazimwa kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kusaidia kupima sehemu za mahema. Msimamizi wa kazi hiyo, mwanamume wa haraka, alinipa mchoro: mistari iliyonyooka, milango yote itazame kaskazini, na nafasi ya kutosha ili moto usiruke hema hadi hema. Mabasi yalishusha watu tukiwa bado tunapigilia vigingi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama mmoja akifungua kamba za hema lake.

"Mama, mbona unabomoa?"

"Nageuza mlango, dada. Mukecuru wangu, mama wa mume wangu, yuko hema la nyuma, miguu haina nguvu. Akiita simuoni. Mimi natazama mgongo wa hema la mtu."

Nilichungulia nyuma. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni, naye akitazama turubai tupu.

Nilishika kamba upande wa pili, tukageuza. Kisha nikawauliza majirani wa mstari ule, wote wakataka. Kufikia mchana mistari miwili ilikuwa inatazamana, na kina mama walishaweka mafiga katikati.

Msimamizi alikuja amekunja uso. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Lakini nafasi ya moto ni ile ile. Pima."

Alipima mwenyewe, pande zote mbili. Akawaamuru kina mama wahamishe mafiga, kisha akasema, "Hii iacheni. Mingine fuateni mchoro. Hatuna muda wa kuuliza kila mtu."

Tukafuata mchoro. Lakini wiki ile ile watu wakaanza kugeuza mahema wenyewe, wengine wakaziba njia ya gari la maji, ikabidi tuvute kamba upya. Msimamizi alinilaumu mimi.

Ofisi ya Kakonko iliponiita nirudi, niliomba nibaki; hapa angalau nilichopima kilikuwa na watu ndani. Waliponikubalia, nilishinda siku nzima nikiitazama barabara ya kutoka kambini kwenda Kasulu, nikitamani gari lolote linichukue, kama nilivyosubiri uhamisho kule Kakonko.