Ekari Arobaini za Wilho

Jumamosi jioni bomba la sauna ya akina Ranta, kibanda chao cha kuogea mvuke, halitoi moshi. Saima Ranta huchungulia dirishani hata hivyo, kwa mazoea, kisha hukumbuka kwamba mpasua kuni hayupo. Zamani, saa kama hizi, majirani wangekuwa wanateremka na taulo mabegani, wanawake wakiingia kwenye mvuke kwanza na wanaume wakifuata, na baadaye wote kuketi jikoni kwake, nyuso nyekundu, kula mkate wa iliki na kahawa bila kusema mengi. Sasa theluji ya njia ile haina alama ya unyayo.

Mpasua kuni alikuwa Wilho, mdogo wake. Alichimba shaba tangu ujana mpaka mgodi ulipofungwa, naye akiwa na miaka arobaini na minne. Wenzake walikimbilia malori, wengine baa. Yeye alirudi siku moja kutoka chuoni, katika mji wa Marquette, akakoroga kahawa kwa muda mrefu, akasema anataka kusomea stashahada ya tiba ya viungo. Miaka miwili, kisha awe msaidizi wa tabibu, awafundishe upya kutembea waliovunjika nyonga na waliopigwa na kiharusi.

Jirani yao, mzee Onni, alicheka hadi akapaliwa. “Mikono iliyozoea baruti ndiyo ikashike viuno vya vikongwe?”

“Nitaanza na chako, mzee,” Wilho akamjibu.

Lakini gharama haikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na ada, kodi ya chumba, na miezi ya mafunzo hospitalini isiyolipwa hata senti. Alichokuwa nacho ni ekari arobaini za msitu alioachiwa na baba yao, na kampuni ya mbao iliutaka. Onni alimpigia hesabu pale pale mezani: mshahara wa kazi hiyo usingeufikia ule wa mgodini, na msitu ukishakatwa haurudi. Wilho alisema mgodi nao haurudi. Wazee hawataisha, hospitali ya hapa itamhitaji, naye atazeekea nyumbani. Hiyo ndiyo faida aliyoitaka.

Saima alimmiminia kahawa nyingine. Kwao mtu mzima hashauriwi asipouliza. Vuli ile walipita msituni wote wawili, pale walipochuma matunda wakiwa watoto huku baba yao akipiga mluzi ili dubu wasikie na kukaa mbali. Wiki iliyofuata misumeno ikaanza kulia.

Krismasi ya mwaka wa pili Wilho alikuja nyumbani akiwa ameanguka mtihani wa vitendo. Alijua kila msuli, alijua kumshika mtu asidondoke. Kilichomwangusha ni kwamba hakuuliza. Mwalimu alitaka amwulize mgonjwa maumivu yake ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi, tena na tena, na Wilho alinyamaza akafanya kazi. Katika nyumba waliyolelewa, kumwuliza mwanamume kama anaumia ni sawa na kumvua nguo mbele ya watu. Angerudia mtihani Januari, mara moja tu. Akishindwa tena, msitu umekwenda bure.

Mkesha wa Krismasi, baada ya sauna, alimkuta Saima amevaa, ameketi kwenye benchi la chumba cha nje cha sauna, akivuta buti kwa shida. Akapiga goti mbele yake.

“Dada, nyonga hiyo inakuuma?”

“Haiumi. Buti limebana.”

“Inauma kiasi gani? Sifuri mpaka kumi.”

“Wilho, inuka, sakafu ina maji.”

Hakuinuka. Masikio yalikuwa yamemwiva, na si kwa mvuke. “Usiponijibu wewe,” alisema, “sitaweza kumwuliza mtu mwingine yeyote.”

Saima alitazama mawe ya moto juu ya jiko la sauna kupitia mlango ulio wazi. Mama yao alikufa na uvimbe tumboni ambao hakuna aliyeambiwa. Baba yao alifanya kazi na mbavu mbili zilizovunjika. Akawaza ile miti.

“Saba,” alisema. “Usiku, nane. Huu mwaka wa sita.”

Wilho aliinamisha kichwa kidogo, kisha akamwuliza inaanzia wapi, na ikianza inashuka hadi wapi. Saima akamwonyesha.

Januari alifaulu. Majira ya kuchipua akapewa stashahada yake, na hospitali ya mji wao ikamwambia nafasi ilikuwa moja tu na imeshajazwa. Alingoja kiangazi kizima. Barua ya kazi ilipokuja, ilitoka Green Bay.

“Yaani uliuza msitu ili ubaki,” Onni alisema, safari hii bila kucheka, “na sasa unaondoka.”

“Ndivyo ilivyo, mzee.”

Kabla ya kuondoka alimfundisha dada yake mazoezi ya nyonga, akimshikisha ukingo wa meza ya jikoni, na kila mara alimwuliza naye kila mara alijibu. Onni bado husema kijana alipata hasara. Saima hupanda ngazi bila kushika ukuta, na hajawahi kubishana naye.

Wilho ana miaka hamsini na moja sasa. Yuko Green Bay, mwendo wa saa tano kwa gari, katika wodi ya viungo ghorofa ya tatu, na amepanga vyumba viwili juu ya duka la rangi.