Tangi la Kanisa na Jiko la Ombati

Kanisani kwetu Anoka, huku ughaibuni, bado kuna watu ambao wakiniona hutazama chini, kama wanaotafuta kitu kilichodondoka, na najua wananicheka, tena wana haki, maana ni mimi niliyewafanya wanaume wenye suti za Jumapili wachimbe shimo la kufika kifuani wakitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Heri niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa Ombati, yeye huongeza chumvi.

Mnajua nimerudi shule na mvi zangu. Miaka mingi niliuguza wazee huku nikijisomea vitabu vya miamba na matetemeko wakati wa mapumziko, na mwishowe nikajiandikisha kusomea shahada ya kwanza ya jiofizikia (wenzangu darasani ni rika la binti yangu Moraa, na mhadhiri wetu ningeweza kumwita mdogo wangu). Muhula uliopita tuliambiwa kila mmoja atafute kitu halisi kilichozikwa na aonyeshe kilipo kwa vipimo tu. Nikakumbuka tangi la kanisa. Nyuma ya jengo, chini ya nyasi, kuna tangi la chuma la zamani la mafuta ya kupashia joto, hakuna aliyejua ni wapi hasa, na mtu wa kutupanulia maegesho alikataa kuleta mashine yake mpaka lijulikane, asije akalitoboa. Nikamwambia mchungaji, niachie mimi.

Ningeweza kwenda Jumanne, kanisa likiwa tupu. Nikachagua Jumapili wakati wa ibada, ili watu wakitoka wanikute na jibu. (Ndiyo, nilitaka kuonekana. Mke wangu aliniambia asubuhi ile, "Baba Moraa, shule ni Jumatatu," nikajifanya sikusikia.)

Kazi yenyewe ni ya vifaa viwili vya kupima sumaku. Kimoja unatembea nacho, na ukipita juu ya chuma namba zake hubadilika. Cha pili unakisimamisha mbali, kisiguswe na mtu, kwa sababu sumaku ya dunia yenyewe hupanda na kushuka mchana kutwa. Baadaye unaondoa namba za cha pili kwenye za cha kwanza, na kinachobaki ndicho kilichomo ardhini. Nilivua mkanda, saa, hata pete ya ndoa (dhahabu haisumbui, lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha). Kifaa cha pili nikakiweka upande wa pili wa jengo, nikaenda zangu kutembea.

Watu walipotoka, ramani ilikuwa tayari kwenye kompyuta, na katikati ya nyasi kuna doa jekundu kubwa lililomeza kila kitu kingine. "Liko hapa," nikasema, nikachomeka kibendera. Mafundi wa nyaya na mabomba walikuwa wamekwisha kupita wiki ile na kupaka rangi zao kwenye nyasi kuonyesha zinapopita, kwa hiyo ruhusa ya kuchimba tulikuwa nayo, na mchungaji akasema tuhakikishe sasa hivi. Sepetu zikatoka stoo. Mimi nikasimamia kama mkandarasi, nikaagiza udongo wote urundikwe kule kwenye uzio wa mbao, usitusumbue.

Shimo likafika magotini, kiunoni, kifuani. Ombati, mchoma nyama wetu, akaja na koleo lake la kugeuzia nyama mkononi.

"Profesa, tangi limehama?"

"Liko chini kidogo."

"Mkiendelea hivyo mtatokea kwetu Kisii. Mturudie na ndizi."

Nikaenda kuchukua kile kifaa cha pili, angalau niwe na la kufanya. Nikakikuta kinanuka moshi.

"Ombati, jiko lako lilikuwa wapi wakati wa ibada?"

"Si hapo kando ya kifaa chako hicho. Hapakuwa na upepo. Halafu moshi ukaingia kanisani, mchungaji akakohoa katikati ya mahubiri, nikalisogeza."

Jiko la Ombati ni pipa la chuma lililokatwa katikati, lina magurudumu. Kwa muda wote lilipokaa pale, kifaa changu kilikuwa kikipima jiko, na mimi kwa uangalifu mkubwa nikaliondoa jiko kwenye nyasi, na pale nilipokuwa nikipita saa ile pakawa doa jekundu. Ramani yangu ilikuwa picha ya nyama choma.

Niliwaeleza wote, polepole, mpaka mwisho. Mchungaji akafuta jasho kwa tai.

"Kwa hiyo tumechimba jiko?"

"Ndiyo, mchungaji."

Nikaketi, nikatupa namba za kifaa cha pili, nikaacha za kile nilichotembea nacho peke yake. Tangi likajitokeza waziwazi. Sikuinua kichwa.

"Liko wapi?" mke wangu akauliza, ingawa nadhani alikwisha kuusoma uso wangu.

"Chini ya udongo."

"Baba Moraa, tangi lililozikwa lingekuwa wapi kwingine?"

"Chini ya udongo tuliorundika."

Tukala kwanza. Kisha nikavua koti na kuuhamisha ule udongo, safari hii na mimi nikiwa na sepetu, na jioni chuma kikalia. Kwenye ripoti niliandika yote, jiko na moshi wake, na mhadhiri akanifaulisha, akasema kisa hicho atawasimulia wanafunzi wa mwaka ujao.

Sipimi tena Jumapili, na popote niendapo, kabla ya kusimamisha kifaa, namtafuta kwanza mchoma nyama. Ombati naye hulisukuma jiko lake mpaka pale palipokuwa na shimo, kusudi, na kuniita: "Profesa, njoo upime." Nami huenda, na sahani.