Plamu za Kaka Yake Perla

Mjomba Avrom alianza kusahau Kiingereza mwaka aliotimiza miaka themanini. Kilimtoka kidogo kidogo, kwanza majina ya vitu, kisha salamu, mwisho akabaki na Kiyidishi cha mama yake tu. Wauguzi wa ile nyumba ya wazee pale Caulfield, Melbourne, walikuwa wasichana kutoka Nepal na Ufilipino. Akiomba maji wanamletea blanketi, akiomba blanketi wanamgeuza ubavu.

Dada yake, Perla, alikuwa mama mkwe wangu. Nasema alikuwa, maana mwanawe Harvey aliniacha akahamia Sydney kwa mwanamke anayeuza majumba. Siku talaka ilipotoka Perla alinipigia simu. "Ruhama, yule amekuacha, mimi sijakuacha. Ijumaa njoo ule." Nikaenda. Chakula chenyewe kilikuwa kuku wa kununua na saladi ya kopo. Perla hakupatana na jiko maisha yake yote. Miaka zaidi ya thelathini aliuza vifungo kwa mafundi cherehani wa Flinders Lane, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mikasi yao.

Basi mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, joto la Melbourne likiwa limeshika kweli, Mjomba Avrom akagoma kula. Supu anaitema, mkate anaufinyanga vidonge. Neno lilikuwa moja tu: povidl. Povidl ni jemu ya plamu, nyeusi, nzito hata kijiko kinasimama ndani yake. Perla akazunguka maduka yote ya Balaclava na Carnegie. Akaleta ya Kipolandi, akaleta ya Kihungari, akaleta na moja ya bei mbaya yenye utepe shingoni. Zote Mjomba aliziweka ulimini, akazitema kwenye kiganja chake, akampa Perla.

"Si ya mama," alisema. "Ya mama ni ya mti wa nyuma."

Tulipotoka nje Perla alisimama kwenye maegesho, mkoba ameukumbatia. "Mti wa nyuma," akasema. "Miaka hamsini na minane, na huyu mzee bado ananidai mti."

Habari yenyewe nilikuwa naijua nusu nusu. Baba na mama yao walitoka mji mdogo karibu na Lublin, Poland, wakapata shamba Orrvale, nje ya Shepparton, ambako zamani palikuwa na Wayahudi kadhaa wakulima wa matunda. Walilima pichi na peasi za kiwanda, na nyuma ya nyumba palikuwa na mti mmoja wa plamu za nyumbani. Inasemekana baba alikata kijiti kwao, akakichomeka ndani ya kiazi kisikauke, na kiazi kikasafiri melini hadi Australia. Baba alipofariki, Avrom alikuwa na miaka ishirini na miwili na shamba zima alilijua kwa mikono. Perla alikuwa na kumi na saba. Mama akasema, "Huku binti yangu ataolewa na nani, punda wa jirani?" Akauza, akawahamisha mjini Perla apate Myahudi wa kumwoa. Avrom hakuulizwa. Alienda akawa mtu wa mashine kwenye kiwanda cha masweta Brunswick mpaka alipostaafu. Hakuoa. Kwenye karamu za familia alikaa karibu na mlango.

"Washa gari," Perla aliniambia wiki mbili baadaye. "Tunaenda kuchuma hizo plamu."

Njia nzima alinung'unika. Kiyoyozi changu kinanuka. Naendesha kama mtu anayebeba mayai. Lakini tulipolipita daraja la mto Goulburn akanyamaza, mikono ikawa inauzungusha mkanda wa kiti.

Nyumba tuliikuta, ya mbao, rangi mpya. Nyuma yake hapakuwa na shamba. Palikuwa na ardhi nyekundu tupu, na kwenye kona lundo la miti iliyong'olewa, mizizi juu, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, kofia pana ya majani kichwani, alikuja akijipangusa mikono.

"Mnamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu," Perla akasema. "Nimezaliwa ndani ya chumba kile pale."

Mwanamke akamtazama vizuri. Kisha uso wake wote ukafunguka. "Nyinyi ndio wakina Wajnryb! Mimi ni Sanije. Baba yangu ndiye aliyenunua kwa mama yenu. Haya niambie, mama, wewe ni nani wake Avi?"

"Avi gani?"

"Avi! Yule mrefu, asiyesema. Mbona haji siku hizi? Mwaka juzi tumemngoja, mwaka jana tumemngoja. Nikamwambia mume wangu Qemal, yule ama amekufa ama ameoa."

Perla alitafuta pa kukaa. Akaketi kwenye ngazi ya trekta.

Nilisimama pale jua likinichoma utosi, nikisikiliza. Kumbe kila mwezi wa pili, tangu mwaka uliofuata baada ya shamba kuuzwa, Mjomba Avrom alikuwa anapanda treni hadi Shepparton. Anatandikiwa kitanda kwenye chumba nyuma ya banda la kufungashia matunda. Wiki nzima anachuma na kupika. Mwezi wa saba anarudi kupogoa, siku mbili tatu, halipwi wala hataki. Sanije alikua akimwona kama mjomba wake.

"Alikuwa anatuaga anakwenda kuvua samaki," Perla akasema polepole. "Lakes Entrance. Nilikuwa namcheka: kaka, miaka yote hii hata dagaa hujaleta."

"Samaki? Avi hapendi hata harufu yake." Sanije akacheka, halafu akaona hatucheki. "Yeye na mama yangu, Mungu amrehemu, walikuwa wanapika pamoja pale nje, sufuria moja kubwa ya shaba. Mama anasema Kialbania, yeye anasema lugha yenu. Kutwa wanagombana, hakuna anayemwelewa mwenzake, na wanacheka mpaka mama anashika kiuno."

"Avrom anacheka?"

"Mpaka machozi, mama."

Perla akauliza mti uko wapi. Sanije akavua kofia, akaishika mkononi.

"Mwezi wa nane uliopita. Kiwanda kilizikataa pichi zetu, kila mtu hapa akang'oa, na ukikaa nazo zinaleta wadudu. Aliyekuja na tingatinga aliambiwa ang'oe safu zote. Mimi siku ile nilikuwa hospitali na Qemal, moyo wake. Nimerudi jioni nikaukuta na ule wa nyuma umelala. Nilimtukana yule kijana mpaka sauti ikanikauka. Ndiyo imebaki hivyo."

Mahali pa mti palikuwa na shimo lililofukiwa vibaya, na kandokando yake vichipukizi vya kijani, vyembamba, vimetoka ardhini. Perla akaviinamia. Nikaona uso wake unavyobadilika, nikasema moyoni, basi, Mungu mkubwa.

"Hivyo wacha," Sanije akamwambia kwa upole. "Hivyo ni vya shina la chini, lile lililopandikiziwa. Si plamu yenu. Vitatoa miiba, na tunda dogo chungu hata ndege halitaki."

"Na ile ya juu, kweli ilitoka Poland? Ndani ya kiazi?"

Sanije akasitasita. "Avi alitusimulia hiyo ya kiazi. Lakini baba yangu alisema baba yenu alinunua miche yote duka moja hapo mjini, kama kila mtu. Ni plamu ileile, mama, imejaa mashamba haya yote. Hata mama yangu alizoea kusema sufuria yetu imetoka Korçë, kwetu Albania." Akainua mabega. "Ilinunuliwa Mooroopna, hapo ng'ambo ya mto."

Perla aliangua kicheko kimoja kikavu.

Sanije hakukubali tuondoke mikono mitupu. Akapiga simu kwa binamu yake, zikaja kreti mbili za plamu. Sufuria ikatolewa, moto ukawashwa pale pale nje. Perla, ambaye sijawahi kumwona akikoroga hata uji, alishika mwiko wa mpini mrefu akakoroga. Hakuna maji, hakuna sukari, moto mdogo. Nilimwomba nimpokee, akanisukuma kwa kiwiko. Sanije alikuwa akija kuangalia rangi na kutikisa kichwa.

"Kuna kitu mama alikuwa anatupia mwishoni," alisema. "Avi ndiye aliyemfundisha. Nilikuwa naona tu mkono wake unapita juu ya sufuria. Sikuwahi kuuliza. Mtu unafikiri mama yuko, utamuuliza kesho."

"Karafuu?" nikasema.

"Sijui."

"Ganda la limau? Jozi?"

"Dada, ningejua ningekwambia."

Tulirudi Melbourne na mitungi minne midogo ya povidl. Mikono ya Perla ilikuwa na malengelenge, ameizungushia kitambaa cha jikoni cha Sanije.

Asubuhi yake tulikwenda Caulfield. Mjomba alikuwa amelazwa amegeukia dirisha, amekonda, masikio yamebaki makubwa. Perla akavuta kiti, akafungua mtungi, akampelekea kijiko kidogo. Harufu ilipomfikia Mjomba aligeuka. Alimtazama dada yake na akatabasamu. Mimi sikuwahi kuliona tabasamu lile.

"Umekuja," akasema. Kisha akamwita kwa jina la mama yake Sanije.

Perla aliniangalia. Kijiko kilikuwa bado hewani. Kiyidishi changu ni cha kuokoteza, lakini maneno yale yalikuwa mepesi, mtu yeyote aliyelelewa kwetu angeyaelewa.

"Mwaka huu zimeiva vizuri?" Mjomba akauliza.

"Zimeiva," Perla akasema.

"Nyumbani sijawaambia kitu. Nimesema nakwenda kuvua." Akacheka kidogo, kifua kikakoroma. "Perla asijue. Akijua atakuja. Na akija ataanza, hiki hivi, kile vile, mti umekaa vibaya. Hapa ndipo napumzika mimi."

Nje kule mtu alikuwa anasukuma kigari cha chai, vikombe vinagongana.

"Hatajua," Perla akamwambia. "Kula."

Mjomba akafungua mdomo. Povidl ikakaa ulimini, akaizungusha, nyusi zikakutana. Nilidhani ataitema kama zile nyingine. Hakuitema. Alijaribu kuimeza ikakwama, akapaliwa, uso ukawa wa zambarau, na muuguzi aliingia mbio akamwinamisha na kumtoa yote kwa kidole. Akatukaripia. Kwani hatukuona kibao kitandani, mzee haruhusiwi tena kitu kizito? Tangu siku ile alilishwa kwa mpira.

Garini nilimshika Perla mkono. Akautoa.

"Usinibembeleze," alisema. "Miaka hamsini na minane nalia kwamba alinyang'anywa kwa ajili yangu. Kumbe hakunyang'anywa. Alikuwa nako kwake, na hakunitaka huko."

"Mama, mzee amechanganyikiwa."

"Hajachanganyikiwa hata kidogo. Nilivyo ndivyo alivyosema. Ningekwenda, ningesema mti umekaa vibaya." Akafunga dirisha. "Endesha."

Mitungi mitatu iliyobaki aliitupa. Nilimkuta akiisukumia ndani ya pipa la takataka la jengo, nikamwambia angalau mmoja angeniachia. Akaniuliza wa nini, nina mgonjwa gani.

Mjomba Avrom alifariki mwezi wa sita. Siku saba za matanga tulikaa kwenye viti vifupi sebuleni kwa Perla, na siku mbili za mwisho hakuja mtu. Harvey alituma maua, na kwetu maua hayapelekwi msibani.

Kuweka jiwe kaburini kulipangwa Jumapili moja ya mwaka uliofuata. Bahati mbaya iliangukia mwisho wa wiki ule mrefu ambao watu wote wenye gari hukimbilia baharini. Mvua ilikuwa inanyesha. Kadishi, ile sala ya wafu, kwa rabi wetu haisomwi mpaka wapatikane wanaume kumi wa Kiyahudi, na wa Mjomba walifika saba pamoja na rabi mwenyewe. Mmoja wao alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Rabi akapiga simu hapa na pale, mgongo ameupa upepo. Huyu yuko Lorne, yule yuko Rosebud.

Ndipo gari likaingia getini, limejaa matope ya njia nzima. Mimi ndiye niliyemwambia Sanije siku, Perla hakujua. Alishuka yeye, akashuka Qemal akitembea kwa mkongojo, na wana wao wawili wakubwa, suti zimewabana mabegani. Wakaja wakasimama nasi kwenye mvua. Qemal akavua kofia, akakumbuka kwamba kwetu wanaume hufunika kichwa, akaivaa tena.

Perla aliwatazama. Nilimwona anavyohesabu kwa macho, kichwa kimoja kimoja.

"Rabi," akasema, "wanaume kumi hawa hapa."

Rabi alikuwa kijana mwema, ndevu zinamchuruzika maji. "Bibi Perla, hawa si Wayahudi," alisema, akashusha macho kwenye kitabu chake.

"Najua. Nimesema tu."

Rabi akasoma zaburi moja, fupi, akafunga kitabu kisilowe. Wana wa Sanije walikuwa wanaangalia viatu vyao. Sanije alimwambia Perla kwamba shamba wamekwisha kuliuza, aliyelinunua ataweka paneli za umeme wa jua. Perla akamshukuru kwa kuja mbali, akamwambia wawahi kuondoka, barabara itajaa.

Kadishi ya Mjomba Avrom haikusomwa kaburini siku ile. Nilimwambia Perla tungeweza kurudi wiki nyingine, nitatafuta watu, nitawasihi. Alikuwa ameshaingia garini, amefunga mkanda, anatazama mbele.

"Watu gani, Ruhama?" akaniuliza.

Nikawasha gari.